Mgomba Hunywa Juu

Bugene, 8 Juni 2024

Mwanangu Umutesi,

Nimefika, na pumzi ya kukuandikia bado ninayo. Wifi yako Deodatha amenilaza kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ni ukuta mzuri, umepakwa rangi, ila siwezi kuupalilia. Daktari amesema nyonga imevunjika pabaya, nisikanyage chini mpaka atakaposema yeye. Nimemwitikia tu.

Usiniambie habari za simu. Masikio yangu unayajua. Juzi Leonadi alipiga kutoka huko Ngara anakojenga, nikawa nasikia mvumo tu, namjibu "ndiyo baba, ndiyo baba." Kumbe mume wako alikuwa ananiuliza kama nina maumivu makali. Deodatha alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo wewe andika. Jovitus huja Kayanga, hapa jirani na Bugene, na bodaboda yake kila Jumamosi, mpe barua yeye. Umwambie asiikalie.

Sasa jambo lenyewe. Wanangu wawili, Deodatha na Leonadi, wamenijadili kwa simu nikiwa nimelala hapa hapa. Wamesema kiangazi kikiisha na kibanja changu, lile shamba la migomba la Mabira, bado kimesimama, nitarudi nyumbani. Kikianguka, nitabaki Bugene moja kwa moja, maana nitarudi kufanya nini? Nimekubali. Mtu aliyelala chali hana nguvu za kubishana. Kwa hiyo kurudi kwangu kuko mikononi mwako, binti wa wafugaji, na najua unatetemeka ukisoma hapa. Usitetemeke.

Shika hili moja: jembe lisikaribie shina la mgomba. Mgomba hunywa juu. Mizizi yake imetambaa karibu karibu, haifiki mbali. Maharage nayo hunywa juu, ndiyo maana hukauka ya kwanza. Mahindi huanza juu yakiwa madogo, kisha kadiri yanavyorefuka huku juu, mizizi nayo inashuka kutafuta maji kule chini. Ile mikahawa mikubwa aliyopanda marehemu baba mkwe wako inakunywa chini kabisa, mahali ambapo mimi na wewe hatujawahi kupaona. Kila mmoja ana mahali pake pa kunywea, na ukijua hapo umejua kulima.

Nitumie udongo. Chimba katikati ya kibanja, chukua konzi moja pale kiganja kinapoishia na nyingine pale kiwiko kinapofika. Funga kila moja kwenye jani la mgomba. Nikiushika tu nitajua.

Mama yako,
Benadeta

---

Mabira, 22 Juni 2024

Shikamoo Mama,

Waitu, nyumba imekuwa kubwa! Naamka asubuhi naweka vikombe viwili, halafu narudisha kimoja. Hata kugombezwa nimekumisi. Jana nilimwaga maji ya moto karibu na mlango nikasubiri sauti yako, haikuja.

Udongo huo hapo, Jovitus ameapa hataukalia. Nimechimba kama ulivyosema, nikaingiza mkono mpaka kiwikoni, majirani wakaniuliza kama nimepoteza pete. Nimeona mwenyewe, Mama: juu pakavu, chini pana ubaridi. Sikujua kabisa. Kwetu sisi tulijua jambo moja tu kuhusu majani, kwamba ng'ombe huyala.

Habari njema sasa. Bihogo amezaa! Ndama jike, mwekundu mwekundu kama mama yake, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Baba yangu aliponipa yule ng'ombe siku ya harusi alisema nisilale na njaa nyumbani kwa watu, basi sasa kuna maziwa. Ungekuwa hapa ungekunywa ukashiba ukaanza kunisifu bila kutaka.

Nina swali. Ile miche ya kahawa uliyopanda Machi inakauka majani, na nyuma yake mikahawa mikubwa ni kijani kibichi. Udongo ni mmoja, jua ni moja. Mbona mikubwa haigawani na midogo? Naimwagilia kila jioni, kikombe kimoja kimoja, kwa upendo.

Mwanao,
Umutesi

---

Bugene, 29 Juni 2024

Mwanangu,

Udongo nimeupokea. Niliushika nikaukanda na kuunusa, Deodatha akadhani nachanganyikiwa. Ni wa kwangu kabisa, una jivu la jiko langu na samadi ya miaka. Wa juu umekauka, wa kiwiko bado unafinyangika. Tuko salama. Nimeuweka chini ya mto, usimwambie mtu.

Sasa hicho kikombe chako cha upendo ndicho kinachoiua miche. Mche wa kahawa wa mwaka huu una mzizi mfupi, haujavuka kiganja. Ule mkubwa mzizi wake ulishateremka zamani, hauulizi habari za huku juu. Hawawezi kugawana kwa sababu hawakutani. Nawe ukimpa mdogo kikombe kila jioni, maji yanaishia juu, na mzizi unabaki hapo hapo juu unangoja kikombe kingine. Hauna sababu ya kushuka. Siku wewe ukiugua, mche unakufa. Acha kila jioni. Mpe maji kwa wiki mara moja, lakini mpe ndoo, polepole, yazame. Mzizi utayafuata. Ni kumfundisha kutembea, si kumbeba mgongoni.

Hongera ya ndama. Mpe jina zuri. Ila nijibu hili: Jovitus anasema rweya yote, malisho ya upande wa kwetu, imeshachomwa, nyasi hakuna mpaka mvua. Bihogo anakula nini?

Mguu wangu unaendelea vizuri sana. Natembea mpaka getini na kurudi.

Benadeta

---

Mabira, 20 Julai 2024

Shikamoo Mama,

Samahani kwa kukawia, kazi zilikuwa nyingi. Nafurahi kusikia kuhusu mguu.

Miche ya kahawa inaitika. Nimefanya ya ndoo, imetoa majani mapya. Ndama anaitwa Kyarimpa kwa muda, kama hulipendi tutabadilisha.

Kibanja hakijambo. Udongo huu hapa, wa kiganja na wa kiwiko. Una maji kabisa.

Jua ni kali huku. Nakuombea.

Umutesi

---

Bugene, 27 Julai 2024

Wifi yangu Umutesi,

Mama amelala, ndiyo maana naandika mimi. Nakuomba barua hii ibaki kwako.

Mama hatembei mpaka getini. Hatembei mpaka mlangoni. Anasimama kwa magongo mawili, anapumua mara chache, kisha anakaa. Daktari ameniambia wazi kwamba mfupa utaunga lakini kuinama na jembe ndiyo basi tena. Yeye kaambiwa pia. Anajifanya hakusikia, na kwa masikio yake huwezi kumbishia.

Jovitus ameniambia hali ya kibanja. Sikulaumu, kiangazi hiki kimewatesa wengi. Ila nakuomba kitu kimoja: mwandikie Mama ukweli kwamba kimeanguka. Atalia, kisha atakubali kukaa kwangu. Hapa kuna hospitali, kuna mimi. Mimi ni binti yake, Umutesi, nami nimemkosa tangu niolewe. Nikimpata sasa sitaki kumwachia tena, na hilo silioni kuwa kosa.

Alipoletewa udongo wako wa mwisho aliunusa muda mrefu, akaniambia nikautupe.

Wifi yako,
Deodatha

---

Bugene, 3 Agosti 2024

Umutesi,

Udongo wa kibanja changu haunuki sabuni.

Wala hauna kichwa cha dagaa. Ule wa kiwiko ulikuwa nacho, nimekitoa kwa kucha yangu. Pale tunapomwagia maji ya vyombo nyuma ya jiko napajua kuliko ninavyojua uso wangu, nimeinama pale tangu nilipokuja kwenye nyumba hiyo nikiwa mwali. Ulidhani utamdanganya nani?

Siandiki kwa hasira. Nilikuwa nazo siku ulipofika udongo, leo zimekwisha. Nilikaa na udongo ule nikafikiri, huyu mtoto ameona nini mpaka akaona bora anidanganye? Na hapo nikaogopa. Nimeogopa zaidi ya siku niliyoanguka.

Nijibu. Bihogo alikula nini?

Mama

---

Mabira, 10 Agosti 2024

Shikamoo Mama, kama bado unaipokea shikamoo yangu.

Alikula nyasi zako.

Rweya ilipochomwa nilikwenda mbali kukata, nikarudi na kidogo, kisha hata kile kidogo kikaisha. Maziwa yakakauka. Ndama analia, anamsukuma mama yake kwa kichwa, hakuna kitu. Na pale kibanjani nyasi zako zimelala chini, nyingi, zimetandazwa vizuri, hakuna anayezila. Mama, kwetu nyasi kulala chini wakati ng'ombe ana njaa ni aibu ya kusemwa na ukoo mzima. Nilijiambia Mama alizitandaza ili pawe safi, nitazirudisha mvua ikija. Nikachukua mzigo mmoja. Siku nyingine tena. Nikachukua zote, Mama, kutoka kwenye mlango mpaka kwenye mikahawa.

Zilipoondoka ndipo nikaona. Ulisema mizizi iko karibu, mimi nikadhani karibu ndani ya udongo. Ilikuwa juu kabisa, ndani ya nyasi zenyewe, myeupe, mingi, imejaa kila mahali. Nilikuwa nimeiacha uchi juani. Nilikimbia nikaifukia na udongo kwa mikono, lakini jua lilishapita hapo. Baada ya wiki majani yakajikunja, mashina yakaanza kulala. Ule mgomba wa karibu na mlango wenye mkungu mkubwa ulianguka mchana, hakuna hata upepo. Niliusikia nikiwa jikoni. Nilikaa chini nikalia kama kuna msiba, mpaka jirani Nyirabageni akaja kuuliza ni nani amekufa.

Mikahawa haikujua hata kama kuna jambo limetokea. Imesimama tu.

Kwa nini nilidanganya? Wifi aliniandikia, nisamehe kwa kumtaja. Najua habari za mguu. Najua pia kwamba nikisema kimeanguka utabaki huko. Udongo ule nilishautuma kabla ya barua yake, lakini sababu ilikuwa hiyo hiyo. Nataka urudi. Leonadi yuko Ngara, mimi niko hapa na ng'ombe, na nyumba hii bila wewe sina raha nayo. Nilipokuja hapa sikujua hata kumenya ndizi, ukanicheka, halafu ukakaa na mimi mpaka nikajua. Hakuna mtu aliyewahi kukaa na mimi hivyo. Ndiyo hivyo, Mama. Nimekiangusha kibanja chako, na bado nataka urudi.

Umutesi

---

Bugene, 17 Agosti 2024

Mwanangu, mwanangu,

Nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nililia kwa ajili ya mgomba wa mlangoni. Naomba uniruhusu hilo, ule nilipewa chipukizi lake na mama yangu mzazi. Mara ya pili nilifika pale pa aibu ya ukoo mzima nikaanza kucheka, Deodatha akaja mbio.

Kosa ni langu pia, na sisemi hivyo kukubembeleza. Kila mwaka nilikata nyasi nikatandaza. Mgomba ukaona maji na chakula viko ndani ya nyasi, basi ukapandisha mizizi humo. Kwa nini ushuke? Nilikuwa nauletea kila kitu mpaka mdomoni. Nilikukataza kikombe cha jioni, nami nilikuwa nafanya hivyo hivyo kwa miaka yote. Na nilipokuachia kibanja nilikuambia mambo ya jembe, nikasahau kukuambia mambo ya nyasi. Sikuwaza kwamba yupo mtu duniani anayeweza kuziona nyasi zile akafikiria ng'ombe.

Sasa futa machozi, kuna kazi. Mashina yaliyoanguka yakatekate, yapasue, yalaze chini pale pale kwenye mizizi, yana maji mengi ndani. Majani makavu ya migomba, maganda ya maharage, vyote vilaze. Bihogo alikula nyasi zangu, basi atulipe: samadi yake yote iende kibanjani, mbichi usiweke shinani, iache ikauke kwanza. Iliyosimama ipe miti ya kuiegemea. Kila shina libakie na mtoto mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wengine ng'oa, wanagombea maji yasiyokuwepo. Usimwagilie migomba, hutaiweza. Maji yako peleka kwenye miche ya kahawa.

Nyirabageni mwombe akusaidie miti. Mwambie nimesema mimi.

Kuhusu mguu, ndiyo. Sikutaka ujue. Kwa hiyo tumedanganyana wote wawili, na wewe angalau ulituma udongo.

Mama yako

---

Mabira, 14 Septemba 2024

Shikamoo Mama,

Imenyesha! Imenyesha tangu Jumatano, mvua ya kweli, ile inayoingia. Nilitoka nje nikasimama uani na nguo zangu zote, Bihogo ananitazama.

Sasa nakupa ukweli wote, sifichi hata jani. Nusu imekwenda. Kuanzia mlangoni mpaka katikati ni mapengo tu, ukisimama jikoni unaiona barabara. Nusu ya juu, iliyo upande wa mikahawa, imesimama na imeanza kutoa majani mapya. Watoto niliowaacha kama ulivyosema wamepona wengi kuliko nilivyotegemea. Kwenye mapengo nimepanda maharage, na mahindi kidogo. Nilichimba tena mpaka kwenye kiwiko leo asubuhi. Udongo huo hapo, unuse kadiri utakavyo.

Nyasi za rweya zimeanza kuota. Zitakapokomaa nitakata za Bihogo na za kibanja, mizigo miwili, sitachanganya tena.

Na nimefikiri jambo jingine. Wifi ana haki. Kibanja kimeanguka nusu, mguu wako hauwezi jembe, na huko kuna hospitali. Kama kubaki Bugene ndiko kutakuponya, baki, Mama. Nitakuja mimi kila mara Jovitus akiwa na nafasi, nitakuletea maziwa. Sitadanganya kwamba sitaumia. Lakini sitakuvuta tena.

Mwanao,
Umutesi

---

Bugene, 21 Septemba 2024

Mwanangu Umutesi,

Udongo nimeushika. Wa kiganja na wa kiwiko wote ni mbichi, wote ni wa kwangu. Nilimwita Deodatha nikampa aushike naye. Hakuelewa anashika nini, lakini aliushika.

Akaniuliza, "Mama, kibanja kimesimama?" Nikamwambia nusu. Akasema basi, tulikubaliana. Nikamwambia makubaliano yale yalihusu migomba. Hakuna aliyeniuliza kuhusu Umutesi. Kama mngeniuliza, ningewaambia toka mwanzo kwamba kule nina binti.

Alilia, Umutesi. Alisema, "Na mimi je?" Nikamkumbatia, hata mgongo wangu ukauma. Nilimwambia yeye nilimzaa, akakua, mzizi wake ukashuka, ana mume na watoto na ukuta wake wa rangi, anasimama bila mimi na hilo ndilo nililoliomba kwa Mungu. Wewe umeniandikia nibaki, na barua ile ina matone juu yake. Nayajua matone ya mvua na haya si ya mvua. Bado hujashuka, mwanangu. Nami bado nina miaka kidogo ya kukaa karibu.

Jembe sitashika tena. Nimelilia hilo nimemaliza. Utaniwekea kiti pale kwenye mapengo, utachimba wewe, nami nitakuelekeza. Nyonga ndiyo imevunjika, mdomo haujavunjika, kwa hiyo jiandae. Deodatha anakuja pamoja nami akae wiki mbili. Anasema anataka kumwona mtu aliyemshinda. Mpikie vizuri, usimwogope, ni mwema akishakula.

Leonadi amekodi gari, tunafika Jumamosi. Nitakapoteremka na kuona mlango hauna mgomba wake, huenda nitalia. Usianze kuniomba msamaha mbele za watu. Niache nilie kidogo, kisha nishike mkono uniingize ndani.

Mama yako,
Benadeta